Jagina Hupimwa kwa Hasimu Wake: Majagina wa Vibonzo na Mtoto wa Sugoi

Waswahili husema kwamba mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Methali hii yaweza kuelekezwa kwa wanasiasa, kwa wafanyabiashara na hata kwa wahakiki wa fasihi, lakini hakuna anayestahili kuambiwa zaidi ya msimulizi wa visa vya mashujaa. Kila anayesimulia kisa cha jagina huvuta ngozi upande wa jagina wake. Anayebaki upande wa pili huitwa adui, na aghalabu hapewi nafasi ya kusema lolote.

Sugoi ni kituo cha biashara katika kaunti ya Uasin Gishu, upande wa Turbo, si mbali na mji wa Eldoret. Ni nchi ya mahindi na ng'ombe wa maziwa. Jina lake limevuma kote nchini kwa kuwa ndiko nyumbani kwa Rais wa tano wa Kenya. Hata hivyo, watoto wa Sugoi wana majagina wengine ambao hawakuzaliwa huko. Asubuhi ya siku ya shule, njia za vijijini hujaa mabegi yenye picha za Spider-Man, Batman na Superman, kama ilivyo katika sehemu nyingi za nchi hii. Mtoto aliyebeba begi hilo huenda hajawahi kukishika kitabu hata kimoja cha vibonzo. Amemjua jagina wake kupitia runinga, filamu au simu ya nduguye mkubwa. Akiulizwa kwa nini anampenda, atajibu kwamba ana nguvu. Jibu hilo ni la kweli kwa kiasi, lakini halitoshi. Majagina wote wana nguvu. Mbona basi wengine huteka nyoyo na wengine husahaulika?

Rai inayotolewa hapa ni kwamba mvuto wa jagina hautokani na nguvu zake bali na hasimu wake. Aidha, jinsi jamii inavyomchora hasimu katika hadithi za watoto ni jambo zito kuliko linavyodhaniwa, hasa katika eneo kama Uasin Gishu ambalo limewahi kulipa gharama kubwa kwa kuwachora majirani kuwa mahasimu.

Nguvu pekee hazitoshi

Inafaa kuanza na mkongwe wao. Superman alichapishwa kwa mara ya kwanza nchini Marekani mwaka 1938, akiwa amebuniwa na vijana wawili, Jerry Siegel na Joe Shuster. Huruka angani, risasi hazimdhuru, na aweza kuinua gari kama mtu ainuavyo kikapu. Hapo ndipo penye tatizo lake. Msomaji hana haja ya kumhofia mtu asiyeweza kuumia. Ndiyo maana ilibidi pabuniwe jiwe la kryptonite ili awe na kitu cha kumdhoofisha. Hasimu wake mashuhuri, Lex Luthor, aliyeanza kuonekana mwaka 1940, hana nguvu zozote za ajabu. Ana akili, mali na kiburi. Hadithi za Superman hunoga pale tu Luthor anapouliza swali ambalo hata raia mwema angeuliza: ni nani aliyempa mgeni huyu kutoka sayari nyingine mamlaka ya kuamua hatima ya binadamu? Swali hilo likikosekana, Superman hubaki kuwa mtu mwenye misuli na joho.

Batman, aliyefuata mwaka 1939, ana mvuto zaidi kwa sababu ni binadamu wa kawaida. Wazazi wake waliuawa mbele ya macho yake akiwa mtoto, na maisha yake yote yakawa ni kuukabili usiku ule. Hasimu wake mkuu ni Joker, aliyezuka mwaka 1940 akiwa na uso mweupe na kicheko kisichokoma. Nguvu ya Joker ni kwamba hana historia moja inayojulikana kwa yakini. Hatafuti fedha wala kiti cha enzi. Huua huku akicheka, na kicheko hicho ndicho kinachomtisha msomaji.

Mtoto wa Kikalenjin hahitaji kusafiri hadi Marekani ili amwelewe Joker. Katika masimulizi ya Wanandi yumo Chemosit, zimwi ambaye husemwa kuwa nusu mtu nusu ndege, mwenye mguu mmoja na makalio tisa, ambaye kinywa chake chekundu hung'aa usiku kama taa. Huimba gizani. Watoto wakiona mwanga na kusikia wimbo hudhani kuna ngoma, wakaufuata, na huo ukawa mwisho wao. Waliomsimulia Chemosit walijua jambo ambalo wachoraji wa Marekani walikuja kulijua kivyao, yaani hasimu wa kutisha zaidi ni yule anayekuja na furaha mdomoni.

Spider-Man, aliyebuniwa na Stan Lee na Steve Ditko mwaka 1962, alileta jambo jingine. Peter Parker ni mwanafunzi maskini anayelelewa na shangazi na mjomba wake. Siku moja anamwacha mwizi apite kwa kuwa si shughuli yake; baadaye mwizi yuyo huyo anamwua mjomba wake. Kwa hiyo hasimu wa kwanza wa Spider-Man ni uzembe wake mwenyewe. Isitoshe, mahasimu wake wengi ni watu anaowafahamu. Aliyejificha nyuma ya barakoa ya Green Goblin ni Norman Osborn, baba mzazi wa rafiki yake. Jagina huyu hupigana huku akijua kwamba akishinda, rafiki yake atalia. Ushindi wa namna hiyo una machungu yake, na machungu hayo ndiyo yanayomfanya apendwe kuliko Superman.

Juu ya hao wote, kwa msomaji wa Kiafrika, anastahili kuwekwa Black Panther. Alizuka mwaka 1966, lakini wengi katika Afrika Mashariki walimjua kupitia filamu ya mwaka 2018, ambayo Lupita Nyong'o aliigiza ndani yake na ambayo ilisherehekewa kwa namna ya pekee mjini Kisumu. T'Challa ni mfalme wa Wakanda, nchi tajiri iliyojificha. Hasimu wake, Killmonger, ni binamu yake, mtoto aliyeachwa Marekani baada ya baba yake kuuawa na ndugu yake mwenyewe, mfalme wa Wakanda. Killmonger anauliza kwa nini Wakanda ilikaa kimya huku watu weusi wakiteseka duniani. Njia yake ni ya damu na haifai, lakini swali lake ni la haki. T'Challa mwenyewe hatimaye analikubali swali hilo na kubadilisha sera ya nchi yake. Huo ndio upeo wa uhasama katika fasihi: jagina anamshinda hasimu kwa upanga, na hasimu anamshinda jagina kwa hoja.

Wako watakaopinga kwamba mambo haya ni ya wahakiki, na kwamba mtoto hupenda rangi, kasi na makonde tu. Upinzani huo una ukweli wake, kwani hakuna mtoto anayenunuliwa begi kwa sababu ya falsafa. Hata hivyo, watoto wanapoigiza hadithi hizo uwanjani, jambo la kwanza wanalogombania ni nani atakuwa adui. Wanajua kwamba bila adui hakuna mchezo, na aghalabu yule mwenye kipaji zaidi ndiye anayepewa nafasi hiyo.

Majagina wa nyumbani

Fasihi ya Afrika Mashariki ilikuwa na majagina wa aina hii karne nyingi kabla ya mwaka 1938. Fumo Liyongo wa pwani ya kaskazini, ambaye habari zake zilitungiwa utenzi na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, alikuwa na mwili usiopenya silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba kitovuni. Sultani wa Pate alimwogopa kwa sababu ya kiti chake. Sultani hakuweza kumwua, naye Liyongo alitoroka gerezani kwa hila ya tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa wishwa, huku sauti ya ngoma ikiuficha mkwaruzo wa minyororo. Mwishowe aliyemwua ni mwanawe wa kumzaa, aliyedanganywa kwa ahadi ya kuozwa binti wa sultani. Hata baada ya kuchomwa, Liyongo alikwenda kisimani akapiga goti na upinde mkononi, watu wakaogopa kuteka maji kwa siku kadhaa wakidhani yu hai.

Inafaa kutazama jinsi kisa hiki kinavyogawa uovu. Sultani ni hasimu, lakini ni hasimu mwenye hofu inayoeleweka. Mwana ni hasimu wa pili, na ndiye anayeumiza zaidi, kwa kuwa anamwuliza baba yake siri ya kifo na kujibiwa kwa upendo. Hakuna kibonzo cha kigeni kinachoipita fasihi hii kwa uzito.

Jagina wa pili ni Lwanda Magere wa Waluo, kutoka ukoo wa Sidho katika uwanda wa Kano. Mwili wake ulikuwa wa jiwe. Mikuki ya Wanandi iligonga ikaanguka. Wanandi waliposhindwa vitani walimpelekea msichana mzuri awe mke wake. Siku moja Lwanda aliugua, akamwomba mkewe amchanje dawa, si mwilini bali kivulini. Kivuli kikatoka damu. Msichana akatoroka usiku akawapelekea watu wake habari hiyo, na katika vita vilivyofuata mkuki ukakipata kivuli. Lwanda akafa na kugeuka jiwe, jiwe ambalo huonyeshwa hadi leo huko Kano.

Ng'ambo ya pili ya mto

Hapa ndipo mtoto wa Sugoi anapoingia katika hadithi kwa njia ambayo Superman hawezi kumwingiza. Katika vitabu vya shule, Lwanda ni jagina na Wanandi ni mahasimu. Mtoto wa Kinandi anasoma kisa hicho darasani na kugundua kwamba adui anayetajwa ni babu yake. Afanye nini? Amshangilie Lwanda dhidi ya watu wake, au akifunge kitabu?

Ipo njia ya tatu. Na amtazame yule msichana, ambaye katika masimulizi mengi hata jina hapewi. Kano humwita msaliti. Lakini kwa watu wake, alikuwa msichana aliyepelekwa peke yake katika nyumba ya adui asiyeuawa, akakaa, akasubiri, akagundua siri ambayo mashujaa wote wa kiume walishindwa kuigundua, kisha akatembea usiku kuileta nyumbani. Kisa hicho hicho, kikisimuliwa kutoka milima ya Nandi, kinamfanya yeye kuwa jagina. Wala si lazima Lwanda ageuzwe kuwa mwovu. Yeye alimwamini mkewe, na mkewe aliwapenda ndugu zake. Msomaji anayeweza kuwahurumia wote wawili kwa wakati mmoja ameelewa fasihi.

Mfano mwingine si wa ngano bali wa historia. Koitalel arap Samoei, Orkoiyot wa Wanandi, aliongoza upinzani dhidi ya Waingereza kwa takriban miaka kumi. Tarehe 19 Oktoba 1905 alikwenda kukutana na afisa Richard Meinertzhagen kwa mazungumzo ya amani, akauawa papo hapo. Kwa Wanandi, huyo ni jagina aliyeuawa kwa hila. Lakini Meinertzhagen naye alichapisha shajara yake ya Kenya mwaka 1957, na humo yeye ndiye jagina aliyewahi mtego uliotegwa na adui. Kila mmoja aliwamba ngoma yake. Tofauti ni kwamba mmoja alikuwa na wachapishaji Uingereza, na mwingine alikuwa na wazee wa kusimulia. Rungu za Koitalel zilirudishwa Kenya mwaka 2006, baada ya miaka mia moja ughaibuni. Hadithi yake iliyochorwa kwa Kiswahili, kitabu ambacho mtoto wa Sugoi angeweza kukiweka katika begi lile lenye picha ya Spider-Man, ni vigumu kuipata dukani.

Hasimu asiye na uso

Huenda msomaji akauliza kuna hatari gani katika mambo haya ya watoto. Jibu limo katika historia ya karibuni ya Uasin Gishu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Kenya ilipoteza zaidi ya watu 1,100. Tarehe 1 Januari 2008, kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa moto likiwa na watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Maneno yalitangulia moto. Katika Bonde la Ufa neno la Kiswahili lisilo na hatia, madoadoa, lilikuwa limepachikwa majirani wa kabila jingine. Doa si mtu. Doa halina mama, halina shamba lililonunuliwa kwa jasho, halina mtoto shuleni. Doa huondolewa tu. Mnamo 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ililitia neno hilo katika orodha ya maneno ya chuki.

Wanafunzi wa Kiswahili wana wajibu wa pekee wa kulitafakari jambo hili, kwa sababu lugha iliyotumika ni yao. Hasimu wa aina ya doa ni mbaya hata kwa kipimo cha vibonzo. Luthor ana swali, Killmonger ana jeraha, Osborn ana mwana anayempenda, hata Chemosit ana wimbo. Doa halina chochote. Mtoto aliyelelewa kwa hadithi ambamo adui hana uso yuko tayari kuamini, atakapokuwa mtu mzima, kwamba jirani naye hana uso.

Hali kadhalika, siasa za nchi hii huchorwa kama vibonzo. Katika kampeni za 2022, mwana wa Sugoi alisimuliwa kama mvulana aliyeuza kuku kando ya njia akainuka kupambana na familia za wakubwa. Hiyo ni hadithi ya asili ya jagina, yenye vipengele vyote. Juni 2024, vijana walioandamana kupinga Mswada wa Fedha walimwita Zakayo, mtoza ushuru wa Biblia. Mtu ni yule yule. Michoro ni miwili. Raia aliyezoea majagina wasio na dosari na mahasimu wasio na hoja atachagua mchoro mmoja na kuutetea hadi mwisho. Raia aliyesoma vizuri ataiweka michoro yote miwili kando, aulize juu ya kodi, karo, mbolea na hospitali, kisha aamue.

Kazi iliyobaki

Afrika Mashariki haijakosa wachoraji. Juha Kalulu wa Edward Gitau alichekesha wasomaji wa Taifa Leo kwa miongo mingi. Nchini Tanzania, gazeti la Sani liliwapa wasomaji wa Kiswahili vibonzo vyao wenyewe. Katika miaka ya 1960 na 1970 gazeti la African Film lilimleta Lance Spearman, mpelelezi mweusi mwenye kofia na sigara, aliyewashinda wahalifu bila kuruka angani. Katika miaka ya 1980 mfululizo wa Pichadithi ulichora ngano za Kenya, akiwemo Lwanda Magere, lakini kwa Kiingereza. Shujaaz, iliyoanza mwaka 2010, ilimpa kijana wa mtaani, DJ Boyie, redio na sauti, lakini kwa Sheng. Kila moja lilifanya kazi yake na linastahili heshima. Juha, hata hivyo, ni mjinga wa kuchekesha wala si jagina, na kijana wa Shujaaz hupambana na ukosefu wa kazi, hasimu ambaye ni vigumu kumchora uso.

Pengo lililopo ni la jagina wa Kiswahili aliyechorwa pamoja na hasimu anayestahili. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vyuoni, kikiwemo kile cha Chuo Kikuu cha Moi, vina waandishi, na mjini Eldoret hawakosekani vijana wanaochora matatu na kuta za maduka kwa ustadi. Kuwakutanisha hakuhitaji fedha nyingi. Kisa cha kwanza chaweza kuwa cha yule msichana wa Kinandi, naye apewe jina. Kichorwe na mikono miwili, mmoja wa Kano na mmoja wa Nandi, na kila upande uamue maneno ya mhusika wa upande wa pili. Kazi hiyo itakuwa na ubishi mwingi, na ubishi huo ndio utakaokitia kitabu uhai.

Wengine watasema kwamba kumpa hasimu hoja ni kuwafundisha watoto kuupenda uovu. La hasha. T'Challa hakuacha kumpinga Killmonger kwa sababu alimsikiliza. Kumwelewa adui si kumsamehe, wala si kumfuata. Ni kukataa kudanganywa kwamba yeye ni doa.

Mtoto wa Sugoi ataendelea kubeba begi la Spider-Man, na si vibaya. Spider-Man ni mwalimu mzuri kwa kiasi chake, kwani huwafunza watoto kwamba baya walipuuzalo leo huwarudia kesho. Lakini ndani ya begi hilo pana nafasi ya kitabu kimoja zaidi. Kitakapoandikwa, mtoto huyo atafungua ukurasa wa kwanza na kumwona babu yake akiwa adui, atafungua wa pili na kumwona akiwa jagina, na kufikia ukurasa wa mwisho atakuwa amejua kwamba babu yake alikuwa mtu, sawa na yule wa ng'ambo ya mto.